Jana na Kesho kwa Neno Moja

Hakuna jambo la dunia hii linaloweza kunishangaza mimi. Nalisema hilo mbele ya mtu yeyote. Nimekaa njia panda ya Nyakanazi tangu barabara ikiwa vumbi tupu, na njia panda ni shule isiyo na likizo. Nimeona lori lenye shehena ya saruji likirudi nyuma peke yake, dereva yuko mezani anakula, likapita katikati ya vibanda na kusimama mbele ya gunia la sukari bila kulipasua. Nimeona mwanamume aliyeapa kuwa hana mke akishuka kwenye basi na kupokewa na wake wawili, kila mmoja amekuja kivyake. Nilianza na jeki ya kuazima na spana moja. Leo ukishuka hapa ukauliza nyumba ya wageni yenye maji ya moto kweli, siyo ya moto ya mdomoni, utaoneshwa kwangu, vyumba kumi na sita, na lori lililoegeshwa mbele pia ni langu. Niliishia darasa la tatu, na wenye kidato cha nne wananiita bosi. Bei sijawahi kuilipa kama ilivyotajwa. Hata daktari nimewahi kumwomba apunguze, akapunguza. Kwa hiyo mwezi uliopita, nikiwa nakula chakula cha mchana, simu ilipolia nikasikia sauti ya mwanamke kutoka ng'ambo ya mpaka, Burundi, ikiniuliza kwa Kirundi, "Wewe ndiye yule mkalimani?", sikushangaa. Nilikaa tu. Nilikuwa nimeshakaa, lakini nilikaa tena.

Karibu miaka thelathini hakuna mtu aliyeniita mkalimani. Mwanamke yule alikuwa Spesioza, ambaye nilimjua akiwa msichana wa miaka kumi na miwili, akiosha sahani kwenye mgahawa wa mama yake. Hakunipa salamu ndefu. "Mama alifariki ejo," alisema. Katika lugha yetu neno ejo ni jana, na neno hilohilo ni kesho. Kitendo ndicho kinachokuambia ni ipi. Nikaelewa ni jana, maana aliyekwisha kufa hafi kesho. "Alisema azikwe Nyakanazi, nyuma ya jiko lake, pembeni ya baba. Na alisema uje kumchukua wewe." Nikamwambia nitakuja. Kisha nikasukuma sahani, nikatoka uani, nikasimama mahali lilipokuwa jiko la mama yake, ambapo sasa lipo tanki langu la maji ya moto.

Habari za ukoo wangu naziruka, hazimlishi mtu. Inatosha kusema wazazi wangu walitoka ng'ambo, nami nilizaliwa Kirushya, kwenye migomba, katikati ya Wahangaza ambao lugha yao na yetu ni kama mtu na binamu yake. Mwaka ninaousema ni ule ambao wakimbizi walifurika Ngara hadi milima ikabadilika rangi kwa maturubai, na malori ya chakula cha msaada yakawa yanapita Nyakanazi kama siafu. Nilikuwa na miaka ishirini hivi. Niliteremka na lori la ndizi, nikaanza kuziba pancha, na kwa kuwa sikuwa na pa kulala, Mama Spesioza alinipa stoo yake. Nililala juu ya magunia ya maharage. Mpaka leo godoro laini linaniumiza mgongo. Nalala juu yake kwa sababu nimelilipia.

Nakikumbuka chumba kile cha kulia kuliko chumba chochote nilichojenga mwenyewe. Kuta za udongo zilibandikwa magazeti, na sisi tusiojua kusoma vizuri tulitazama picha mpaka watu wale wakawa kama jirani. Mlango ulikuwa wa madebe ya mafuta ya msaada, yamepasuliwa yakanyooshwa kwa nyundo. Benchi zilikuwa mbao za bodi la lori lililopinduka, na moja bado ilikuwa na maandishi ya rangi, nusu ya jina la Mungu. Juu ya msumari ilining'inia kalenda ya miaka mingi nyuma; Mama hakuitoa kwa sababu Bikira Maria wa kalenda ile, alisema, alikuwa na uso wa mtu aliyeshiba. Alipika ndizi na maharage katika sufuria moja, akatia mawese mwishoni, na ugali wa muhogo kwa wanaotaka kushiba hadi mpaka mwingine. Samaki aliacha kupika mwaka ule. Dereva mmoja mgeni aliuliza, "Mama, samaki leo hakuna?" Naye akajibu bila kuinua uso kutoka kwenye sufuria, "Wapo mtoni. Nenda kawaulize wamekula nini." Hakuna aliyecheka. Wote walijua mto Kagera ulikuwa umebeba maiti ngapi miezi ile. Walikula maharage.

Lakini alikuwa na utani mmoja ambao ulichekesha kila siku, na mtani wake nilikuwa mimi. Madereva, hasa wageni wa njia, walikuwa wakiona sura yake na kusikia Kiswahili chake kilichovunjika, wanamuuliza, "Mama, hapa umekuja lini?" Anajibu: "Ejo." "Na kwenu utarudi lini?" Anajibu vilevile: "Ejo." Wanamtazama. Hapo mimi nasimama na sahani yangu mkononi, natafsiri kwa sauti ya mtangazaji wa redio, "Anasema alikuja jana, anarudi kesho!" Mgahawa mzima unapasuka. Mtu ananitupia kipande cha nyama kwenye sahani. Ukweli ni kwamba alikuwa amekaa pale zaidi ya miaka ishirini, tangu alipovuka mpaka kwenye vita vya kwao vya kwanza. Spesioza alizaliwa pale. Mumewe alizikwa pale, nyuma ya jiko. Ejo yake ilikuwa ya watu wazima, ile ya kusema siku zimekwenda mbio kama vile nilifika jana, na kurudi tutarudi, lakini usiniulize siku.

Ndipo likatoka tangazo. Wageni wote wanaoishi nje ya kambi wafike kuandikishwa. Waliokaa muda mrefu watapewa kibali cha kuendelea kukaa. Walioingia juzi na jana watapelekwa kambini Ngara. Watu wa vibali walikuja na meza mbili, wakaziweka katika darasa la shule, ubaoni bado kuna hesabu za kutoa. Mkubwa wao, tuliyemwita Bwana Afisa, alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake kinateleza kama sabuni. Karani wake alikuwa kijana mwenye mwandiko mzuri, na mwandiko mzuri kwa macho yangu ulikuwa kama nyasi zilizolala upepo: nauona, siusomi. Walihitaji mtu anayejua Kirundi, na Kihangaza na Kisubi za wenyeji, na Kiswahili. Nani mwingine? Nilinunua shati. Bwana Afisa aliniahidi posho ya kila siku, na mwisho wa kazi kibali changu mwenyewe, maana hata mimi karatasi sikuwa nayo. Siku ya kwanza nilianza kumweleza maana ya jibu la mzee mmoja, akaninyooshea kalamu. "Mkalimani. Fasiri, usieleze. Maelezo nitaomba mimi." Nikalishika neno hilo. Kufikia siku ya tatu nilikuwa nafasiri kabla mtu hajafunga mdomo. Watu dirishani walikuwa wananisifu.

Siku ya nne akaja Mama. Alivaa kitenge alichokuwa anavaa Pasaka, na amebeba kopo la mafuta ya kupikia lenye mfuniko. Ndani nilijua kuna nini: stakabadhi zake za kodi, za tangu Spesioza hajazaliwa, zimekunjwa kama sigara na kufungwa kwa uzi. Mkono wa pili alikuwa na ndizi mbili za kuchoma kwenye jani, zangu, kwa sababu sikuwa nimepata chai asubuhi. Akaziweka mezani pembeni ya muhuri. Karani akazisogeza.

"Muulize aliingia nchini lini," Bwana Afisa akasema.

Nikamuuliza. Mama alinitazama, akatazama meza, akatazama msururu wa watu nyuma yake. Nimeliwaza jambo hili miaka yote na nadhani aliogopa, na mtu akiogopa hushika neno ambalo limewahi kumsaidia. Akatabasamu lile tabasamu la mgahawani.

"Ejo," akasema.

"Jana!" nikasema mimi, haraka, kama ngumi.

"Muulize na kwao anarudi lini."

"Ejo."

"Kesho!"

Nami nikasubiri kicheko. Nakwambia ukweli kwa sababu umri huu sina wa kumdanganya: nilijua. Nilijua vizuri kabisa alichomaanisha kuliko nilivyojua jina la baba yangu. Lakini nilitaka mkubwa yule wa pwani acheke kama madereva, nilitaka kipande changu cha nyama. Na alicheka. Alivua miwani. "Aliingia jana, anarudi kesho," akasema. "Basi huyu siyo mlowezi. Huyu ni abiria." Mlowezi lilikuwa neno lao kwa mgeni aliyekaa mpaka akaota mizizi. Karani akacheka huku anaandika. Nikacheka mimi. Mama alipotuona wanaume watatu tunacheka, naye akacheka, akidhani mambo yamekwenda vizuri. Akaanza kufungua kopo lake.

"Funga, Mama," nikamwambia kwa lugha yetu. "Umeshamaliza."

"Na kibari changu?"

"Ni kibali, mama, siyo kibari," karani akamrekebisha. "Weka dole gumba hapa."

Akaweka. Aliondoka anafuta wino kwenye jani la ndizi. Jioni ile walipokunja meza, Bwana Afisa akaniambia, "Haya, zamu yako. Umezaliwa wapi?" Nikasema Kirushya. "Na baba yako?" Nikaelekeza kidole upande wa mpaka. "Andika mlowezi," akamwambia karani, "na andika ana manufaa." Nikapigiwa muhuri. Nilirudi mgahawani nimekishika kibali kwa ncha za vidole kama mtu aliyebeba kifaranga, na Mama alinikatia kuku. Alimwambia Spesioza, "Mtazame kaka yako. Kesho kutwa na mimi nitakuwa na karatasi kama ile, tutaitundika pembeni ya Bikira."

Siku tatu baadaye orodha ilibandikwa mlangoni pa shule. Mwalimu aliisoma kwa sauti. Jina la Mama lilikuwa kwenye karatasi ya wa kambini, na lori limeshafika. Nilimpata karani anafunga makaratasi; Bwana Afisa alikuwa ameshahamia kituo kingine, huko mbele, hakuna aliyejua wapi. Nikamwambia, ndugu yangu, yule mama amekaa hapa miaka zaidi ya ishirini, ule ulikuwa utani. Akafungua jalada, akanigeuzia nyasi zake zilizolala upepo. "Tarehe ya kuingia, jana yake. Tarehe ya kurudi, kesho yake. Dole gumba hili hapa. Nani alifasiri?"

"Mimi."

"Kwa hiyo unasema ulifasiri uongo mbele ya serikali?"

Karani akafungua kofia ya kalamu.

"Sema tu, kaka. Nikiandika kwamba mkalimani alikuwa mwongo, basi wote uliowafasiria wanarudi mezani. Na hicho kibali ulichopewa kwa ukalimani wako nacho nakichukua, sasa hivi, halafu lori lina nafasi. Niandike?"

Mkono wangu ulikuwa mfukoni juu ya ile karatasi. Ninajua kubishana mimi. Nimebishana na matajiri, na polisi wa barabarani, na simba wa mdomo wa kila aina. "Usiandike," nikasema.

Mama alipanda lori na kopo lake. Spesioza alibeba sufuria ile kubwa, ikambidi dereva amsaidie. Hakulia Mama wala hakunilaumu. Alidhani ni kosa la karatasi tu, na mwanawe mkalimani atalisafisha. Kutoka juu ya bodi akaniuliza, "Utakuja lini kutuchukua?" Na mimi nikajibu. Nikasema, "Ejo."

Usidhani nilikaa tu. Nilitembea hadi Runazi kumfuata mwenyekiti wetu wa kijiji, ambaye alikuwa shambani kwake kwenye mihogo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuacha jembe. "Namfahamu," akasema, "nimekula kwake kabla wewe hujaota ndevu. Nitakuandikia. Lakini barua yangu bila muhuri wa wilaya ni ya kufungia karanga." Wilayani Biharamulo wakasema yuko kambini, na kambi ni ya Ngara. Ngara wakasema aliandikishwa Biharamulo. Kila mlango walinisikiliza vizuri, hilo sitawasingizia. Mmoja hata alinipa kiti. Walikuwa wananionesha mlango wa pili, na wa pili unanionesha wa kwanza. Mimi niliyejisifu kwa lugha nne, sikuwa na hata moja ya kusema neno moja tu: nilikosea. Kila nilipolikaribia nilikigusa kibali mfukoni, na maneno yakageuka njia.

Kambini nilimwona mara moja. Turubai lao lilikuwa safu ya mwisho, juu kabisa, na ndani ameshapafagia kama mgahawa, mawe matatu ya jiko, sufuria juu yake inaonekana kubwa kuliko nyumba. Alinipikia mahindi ya msaada. Alisubiri nimalize kula, ndiyo adabu yake, kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, siku ile ulisemaje kwa Kiswahili?" Nikamwambia. Jana, nikamwambia, halafu kesho. Alichokora moto. "Kiswahili kina maneno mengi," akasema. "Sisi lilitutosha moja." Akaniongezea mahindi. Akanipa kopo la stakabadhi nikamtafutie njia. Niliporudi mara ya pili, safu ile ilikuwa imeshapakiwa na kuvushwa mpaka, pamekaa watu wengine, na mawe yake matatu walikuwa wanayatumia.

Kiwanja kilibaki wazi. Mwanzo nilikilinda tu, nilimwambia kila mtu nakilinda. Kisha nikaegesha vyuma vyangu. Kisha nikajenga. Kaburi la mumewe sikuligusa, nililipiga saruji juu. Wageni hudhani ni mfuniko wa shimo la maji taka, na sijawahi kumsahihisha hata mmoja. Kibali changu nimekihuisha kila kilipokaribia kwisha, sijachelewa hata siku moja, nacho nakiweka ndani ya kopo lile la mafuta ya kupikia, juu ya stakabadhi zake. Watu wanasema mali yangu imetokana na akili. Ni kweli, nina akili.

Basi nikaenda kumchukua. Vijana wangu niliwaacha wanachimba uani, na wageni wawili wa chumba namba nne waliposikia kinachochimbwa walihama, nikawarudishia pesa yao. Pale mpakani Kabanga, lori langu limebeba jeneza na Spesioza amekaa pembeni yake, mama mtu mzima sasa, amejifunga kitenge ambacho nilikijua. Kijana wa dirishani alikuwa mpole. "Shikamoo mzee. Pole na msiba." Marahaba, nikasema. Akaanza na karatasi yangu: kibali changu kilikuwa kimebakiza miezi saba, akanikumbusha nisichelewe. Kisha akavuta fomu ya marehemu, akasoma kwa sauti huku anajaza. Jina. Uraia. Tarehe ya kuingia.

"Leo," nikasema.

Spesioza aliuliza kutoka nyuma, kwa lugha yetu, wanasemaje. Nikamfasiria. Leo, kwetu, lina neno lake peke yake, halichanganyiki na siku nyingine.

"Muda wa kukaa," kijana akasoma, halafu akaona haya, akainua kalamu. "Hapa kwa marehemu huwa tunaacha wazi, mzee."

"Usiache wazi," nikamwambia. "Andika wa kudumu."

Akanitazama. Nilitaka kumweleza. Nilikuwa na maelezo ya miaka thelathini mdomoni, na kwa mara ya kwanza mtu wa dirishani alikuwa ananisubiri nieleze, na sikuweza kutoa hata moja. Nilisema tena tu, wa kudumu. Akaandika. Nilimwomba aniandikie kwa herufi kubwa, za kuchapa, nipate kuzisoma mwenyewe. Kisha akajumlisha ada zote, akanitajia, na mimi sikuomba kupunguziwa. Nilihesabu, nikaweka chini ya kioo. Shilingi laki mbili, elfu thelathini na sita na mia tano.